Mwaka Mama Alipokonda Pamoja na Gari

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuwa akipaka nywele zake mafuta ya mbarika, na alipopitisha mkono juu ya mbabula, jiko letu la makaa, tone moja likaangukia makala. Moshi mdogo mweupe ukapanda, wenye harufu tamu inayokaribia kuchukiza, kama sukari iliyoungulia katika sufuria ya samaki. Yeye akapiga chafya na kufungua dirisha. Mimi nikabaki na kijiko mkononi, nisikumbuke kama chumvi nilikuwa nimekwisha kuitia ao bado. Ninyi wa umri wangu mnajua namna uchovu wa zamani unavyorudi. Haurudi kichwani, unarudi magotini. Nikatafuta kiti nikakaa.

Mwaka ule nyumba yetu nzima ilinuka hivyo. Papa alikuwa mekanisie wa shamba la pareto, juu kabisa katika milima ya Masisi, mahali ambapo asubuhi unasikia ng'ombe kabla ya kuwaona, kwa sababu ukungu unalala juu ya majani mpaka saa tatu. Kazi yake ilikuwa kutunza mashine ya kukaushia maua. Kufungua moteri na kuifunga tena alijifunza kwa shofa mmoja wa kamio, yale malori makubwa ya Walikale, katika ujana wake, alipokuwa akipewa gogo la kukaa nalo, na kila kamio iliposhindwa mlima yeye aliruka chini na kuliweka nyuma ya gurudumu. Alipenda kusema kwamba alianza kuzijua gari kwa kuzizuia zisirudi nyuma.

Mwenye shamba alikuwa mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Mvula, kwa sababu alifika siku ya mvua, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akiikimbia. Alitembea ndani yake bila kofia, maji yakimshuka kwenye miwani, kama mtu asiye na mahali pa kuwahi. Hakuwa na mke. Suruali yake ilikuwa na kiraka gotini mwaka baada ya mwaka, na wazungu wenzake wenye ng'ombe wengi na nyumba za mawe walimcheka mbele ya wafanyakazi wake. Basi wazungu hao wakapanga mashindano ya magari: kuondoka Sake asubuhi, kupanda mpaka Masisi, kuteremka Nyabiondo na kuingia msituni mpaka Walikale. Wengine waliagiza gari kutoka Ulaya. Bwana Mvula alikuwa na gari moja kuukuu nyuma ya nyumba yake, ambamo kuku walitagia mayai, na alikuwa na Papa.

Alikuja kwetu yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akamweleza Papa anachotaka. Pesa hakuwa nayo na hakuficha. Alisema kwamba kama gari hiyo itafika Walikale, hata kama itakuwa ya mwisho, basi siku inayofuata gari itakuwa ya Papa. Mama alikuwa amekaa pembeni akichambua maharage. Akainua kichwa, akamwomba kwa adabu ayarudie maneno hayo, naye akayarudia.

Tangu saa ile wazazi wangu hawakuwa na hadithi nyingine. Wangebeba maharage na jibini mpaka Shasha, kwenye ziwa, na kurudi na samaki. Mama alikwisha kuchagua atakaa upande gani na atashika nini mapajani. Sijawahi tena kuona watu wawili waliochoka namna ile wakiwa na furaha namna ile, na nimeona ndoa nyingi.

Gari yenyewe ilitoka popote ilipoweza kutoka. Chasi ilikuwa ya kamioneti iliyotumbukia bondeni zamani. Wanaume wa shamba waliivuta kwa kamba siku mbili, wakiimba siku ya kwanza na kunyamaza ya pili. Moteri ilitoka katika ile gari ya kuku, na Papa alitoa manyoya ndani yake kwa wiki nzima. Kifuniko cha mbele kilikuwa pipa lililopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Bomba la moshi lilikuwa bomba la maji. Tangi la esanse lilikuwa bidoni la maziwa, na hata baada ya kulichemsha mara tatu lilibaki na kaharufu ka maziwa chachu. Springi zilizochoka alizifunga kwa kanda za ngozi mbichi ya ng'ombe, zikakauka na kukaza kuliko waya. Papa hakuwa na bulo mpya ya kukazia vyuma hata moja. Alitembea mpaka Masisi na kurudi akiwa na chache mfukoni, zimefungwa katika jani la ndizi kama nyama.

Kitu kimoja hakikupatikana, nacho ni mafuta mazuri ya moteri. Ndipo Papa akakumbuka kwamba yule shofa wake wa zamani aliwahi kumwambia kuwa magari ya mashindano huko Ulaya yalikunywa mafuta ya mbarika. Mbarika ilijiotea yenyewe nyuma ya kila nyumba kwetu. Kwa hiyo kazi hiyo ikawa ya Mama. Alikaanga mbegu, akazitwanga, akachemsha unga wake, akaengua mafuta yaliyopanda juu, akayachuja kwa kitambaa cha kikwembe chake cha zamani. Kwa kikapu kizima ulipata chupa isiyojaa. Papa aliyachanganya na mafuta ya zamani aliyoyachuja, akaonya kwamba moteri itayapenda kwa safari moja ao mbili, halafu itaanza kuganda ndani.

Baada ya kazi ya mashine, kila jioni kabla jua halijazama, na Dominika yote, walikuwa kwenye gari. Mwalimu wa dini alikuja kuuliza kwa nini hatuonekani kanisani, Mama akamjibu kwamba tutakuja wote na gari. Mama ndiye aliyeshona viti viwili vya ngozi juu ya fremu ya mbao. Papa alikaza ngozi kwa magoti, yeye alivuta uzi. Mara nyingine niliwakuta wote wawili wamelala wameketi, uzi ukiwa bado umeshikwa mwisho wake na mmoja na mwisho mwingine na mwenzake.

Mama alikuwa na kikohozi. Sikumbuki siku ambayo hakuwa nacho, na kwa hiyo hakikunitisha. Kilikuwa sauti ya Mama kama vile viatu vizito vilikuwa sauti ya Papa. Moshi wa mbarika ulikiongeza. Alipokohoa alishika ubavu na kugeuza uso, kisha akaendelea kukoroga.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Hangari ya pareto ilikuwa na mizani kubwa ya kupimia magunia. Papa alikuwa anapima kila kitu. Alipima mlango wa gari, akauacha. Alipima vioo, akaviacha. Alitoboa matundu katika chasi, mstari wa matundu kama ya filimbi, na vumbi la chuma lililoanguka akalipima pia. Alinieleza bila kuinua macho, kwa sababu nilimuuliza.

"Gari ya kilo mingi haiwezi panda mulima," alisema. "Kila kilo tunayotoa, mulima nao unapunguka."

Na alipoona mizani imeshuka, Papa, ambaye alicheka mara chache sana, alitabasamu.

Siku moja alimwambia Mama apande kwenye mizani. Mama alikataa kwanza, kisha akavua malapa na kupanda. Papa akasogeza jiwe la mizani kushoto, akalisogeza tena kushoto, akainama karibu sana. Alikaa hivyo muda mrefu. Mama akauliza ni ngapi, naye akasema tu kwamba amepunguka tena. Akamshika mkono akamteremsha polepole sana, namna alivyoshika vitu vilivyokwisha kutengenezwa.

Nilikuwa na miaka saba ao minane. Nilifanya hesabu yangu mwenyewe, na hakukuwa na mtu wa kuisahihisha kwa sababu sikumwambia mtu. Gari ilikuwa na viti viwili. Gari ilikondeshwa ili ipande. Mama alikuwa anakonda. Niliona kwamba kiti cha pili ni cha Mama, kwamba wanafanya kazi hiyo pamoja na kwa makusudi, na kwamba ukimya wa Papa mbele ya mizani ulikuwa ukimya wa mtu anayeficha jambo zuri mpaka siku yake. Nilijivuna. Nilipomwona Mama anajifunga kikwembe mara mbili kiunoni badala ya mara moja, nilijivuna.

Ndipo nilipoanza kumsaidia. Papa alikuwa amepatana na wachungaji wamletee Mama maziwa kila asubuhi, na Mama alipikiwa uji wa mtama katika maziwa hayo, mzito, wenye asali. Bakuli lake lilikuwa la bati la bluu. Alikunywa kidogo, akaliweka chini, akageuka kukohoa ao kushona. Nililimaliza. Siku za kwanza nilisubiri atoke nje. Baadaye sikusubiri hata hilo, nilikunywa amelala, amenipa mgongo. Sikuwa na njaa. Tena sikupenda asali ile, ilikuwa na ladha ya moshi. Nilikunywa kama mtu anayefanya kazi, nikiutazama mgongo wake na kuhesabu vifundo vya uti wa mgongo vilivyoonekana chini ya blauzi, na kila kilichoongezeka nilikiona ni ushindi.

Ilipobaki kama wiki mbili, Papa alikwenda kwa Bwana Mvula. Dispensari ya Masisi ilikuwa imempa Mama siro ya kikohozi na vidonge, na mganga wa pale alisema wazi kwamba ugonjwa wa kifua kama ule unataka sindano, na sindano hizo ziko kwenye hospitali ya misioni upande wa Walikale. Papa aliomba kamio ya pareto imbebe Mama. Bwana Mvula alijibu kwamba kamio haina springi, na ni kweli, springi zake zilikuwa chini ya gari ya mashindano. Papa akaomba gari yenyewe, siku moja tu, kwenda na kurudi. Hapo Bwana Mvula alimweleza kwamba sheria haziruhusu. Gari ya mashindano ikionekana njiani kabla ya siku yake, inafutwa katika orodha. Alisema angojee, baada ya mashindano gari itakuwa yake na atampeleka mke wake popote. Haya yote aliyasema bila ukali. Papa aliomba mara tatu, siku tatu mbalimbali, na kila mara alirudi akachukua tupa na kuendelea na kazi.

Siku tatu kabla ya mashindano Bwana Mvula aliteremka Sake katika gari ya jirani kuandikisha jina lake. Asubuhi ya pili, jua likiwa limekwisha kukausha majani, Mama alikohoa akiwa ameinama juu ya ndoo, na maji ya ndoo yakabadilika rangi. Majirani wawili walimshika. Mmoja wao akakimbia kumwita Papa kwenye mashine.

Alikuja akitembea. Namkumbuka akitembea, si akikimbia, akijifuta mikono kwa kitambaa kidole kimoja kimoja. Aliangalia ndoo. Alimwangalia Mama. Kisha akaenda hangarini, na tukasikia moteri ikikohoa, ikazima, ikakohoa tena, halafu ikashika. Haikuwahi kunguruma namna ile walipoijaribu. Moshi mweupe wa mbarika ulitoka mlangoni kabla ya gari. Papa alimbeba Mama akamweka katika kiti cha ngozi na kumfunga kwa kikwembe kifuani na kiunoni ili asianguke, kwa sababu milango hakuna. Jirani yetu akamwambia kwamba wazungu watamuua.

"Najua," Papa akasema. Ni neno hilo tu.

Akanigeukia, akaniambia nikae kwa Mama mukubwa, dada ya Mama aliyekaa kilima cha ng'ambo, nisisumbue mtu. Mama alinitazama lakini nadhani hakuniona. Uso wake ulikuwa mweupe kama majivu na mdogo, mdogo sana. Na mimi, nilifanya nini? Nilipiga makofi. Nilikimbia nyuma ya gari mpaka kwenye kona ya mikaratusi, nikipiga kelele kwamba Mama aende, Mama ashinde, na gari ikaupanda mlima wa shamba kama vile mlima haukuwapo. Wanawake wawili walisimama wananitazama, mikono mdomoni. Nilidhani wanatuonea wivu.

Kesho yake mchana Bwana Mvula alirudi na kipande cha kitambaa chenye namba, cha kushonwa kwenye gari. Alikuta hangari wazi. Aliita watu, na watu wote wa shamba walisema hawajui kitu, hawakuona, walikuwa kwenye pareto. Wanaume wazima wapatao thelathini, na wote hawakuona. Nilikuwa nimerudi pale na Mama mukubwa kuchukua nguo zangu. Bwana Mvula akachuchumaa mbele yangu, miwani yake ikiwa na vumbi la njia, akaniuliza taratibu kwa Kiswahili chake kibovu.

"Papa yako iko wapi?"

"Alienda kushindana," nilimjibu. "Alienda na Mama kule Walikale. Mama ni mwepesi kuliko wewe."

Mama mukubwa alinishika bega kwa nguvu, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Bwana Mvula hakuinuka mara moja. Alivua miwani, akaifuta kwa kile kitambaa cha namba, akaivaa tena. Wakati ule niliona amekasirika kwa sababu nimemwambia ni mzito. Nimezeeka nikijiambia kwamba angejua tu, kwamba njia ilikuwa moja. Labda. Lakini mimi ndiye niliyesema.

Bwana Mvula aliwaeleza wakubwa wa serikali. Askari waliagizwa, wakamkuta Papa amekaa chini mbele ya hospitali, mgongo kwenye gurudumu. Hakuwa amekimbia. Gari ilirudishwa siku ambayo wazungu wengine walikuwa wamekwisha kushindana na kugawana vikombe vyao, na moteri yake ilikuwa imeanza kuganda ndani, kama alivyoonya. Papa alihukumiwa kwa kuchukua gari ya bwana wake bila ruhusa. Alipewa fimbo kwanza, kisha miezi ya buloko, kifungo cha kazi ngumu. Wale waliokuwapo barazani walisema Bwana Mvula aliulizwa kama ana neno la kuongeza, naye akatazama sakafu akasema hana. Kabla mwaka haujaisha aliuza shamba akaenda. Nasikia siku aliyoondoka mvua ilikuwa inanyesha na aliingia garini amelowa, lakini hayo niliyasikia tu.

Nilikaa kwa Mama mukubwa. Shuleni niliwaambia watoto wote kwamba wazazi wangu wako Walikale, wameshinda, wanangoja kikombe. Hakuna aliyenicheka. Hilo pia nililielewa vibaya; nilidhani wananiamini.

Siku moja tulikuwa tunashuka na Mama mukubwa kuuza maharage, tukapita watu wa buloko wakitengeneza barabara upande wa Nyabiondo. Walikuwa wanavunja mawe na kuyabeba vichwani katika vikapu. Papa alikuwa wa tatu ao wa nne. Sikumtambua kwa uso, nilimtambua kwa namna ya kuweka mguu. Alikuwa amekonda kuliko Mama. Askari mlinzi alikuwa mtu mzima, alipomwona Mama mukubwa analia alienda kusimama mbali kidogo akaangalia bonde. Nikasogea. Swali langu nilikuwa nimelitunza miezi yote ile.

"Papa, mulishinda?"

Hakutua kikapu. Aliniangalia muda, kama vile anajaribu kuelewa nimemuuliza kwa lugha gani. Mama mukubwa akamweleza kwa maneno machache yale niliyokuwa nikisema shuleni. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona tena.

"Mama yako iko muzima," alisema. "Wananipa habari. Anakunywa uji."

Kisha askari akakohoa, na Papa akapita na mawe yake.

Anakunywa uji. Niliyabeba maneno hayo kurudi nayo kilimani. Ni pale, njiani, kikapu cha maharage kikiwa kichwani, hesabu yangu ilipoanza kuvunjika. Kwa nini Papa afurahi kwamba Mama anakunywa uji? Niliuliza Mama mukubwa mtu mwenye kifua anatakiwa kufanya nini. Akaniambia kama jambo la kawaida kwamba anatakiwa kula, kula sana, maziwa hasa, na akikonda anakufa. Niliweka kikapu chini. Alidhani kimenilemea, akakichukua juu ya chake.

Mama alirudi amekaa mbele katika kamio ya mafuta ya mawese, kabla Papa hajatoka. Alikuwa amenenepa mashavu, na mikono yake ilikuwa na alama za sindano. Watu waliimba. Mimi nilijificha nyuma ya banda la mbuzi mpaka watu wakaenda, akaja mwenyewe kunitafuta, akakaa chini karibu nami, akihema kwa sababu ya mteremko. Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu bakuli la bluu, kila asubuhi, na kwamba sikuwa na njaa. Sikuweza kumweleza kuhusu mizani vizuri, nilichanganya, nilisema kilo, nilisema mulima, nilisema kiti cha pili.

Halafu alisema kwamba alikuwa akijua.

"Nilikuwa nakuona," alisema. "Nilijua mutoto iko na njaa, anaona haya kuomba. Njo maana nilikuwa nakuachia."

Tukakaa pale. Alikuwa ananiachia uji wake kwa sababu ananipenda, na mimi nilikuwa naumaliza kwa sababu nampenda, na kidogo tungeuana. Hakunikumbatia mara moja. Alikuwa amechoka mno, nadhani, na jambo lenyewe lilikuwa kubwa kwetu sote wawili. Baadaye aliweka mkono wake kichwani kwangu na kuuacha hapo, mzito, na nilifurahi kwamba ni mzito.

Papa alipotoka hakurudi kwenye mashine yoyote. Shamba lilikuwa na bwana mpya ambaye hakumtaka, na baadaye wengine walimtaka lakini yeye alikataa. Tulihamia kilima cha watu wa Mama, akalima maharage na viazi kwa jembe. Kamio ilipoharibika barabarani mashofa walimwendea, naye aliwaelekeza kwa mdomo akiwa mbali, mikono mgongoni. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Alichoka mapema tu. Alikuwa mtu anayekaa kila anapopata mahali pa kukaa.

Mama aliishi miaka kumi na minne zaidi. Alizaa wadogo zangu wawili, akawaona wakitembea, akawaona wakienda shule. Ile safari yao hawakuizungumza mbele yetu, hata mara moja, na sisi hatukuuliza.

Wiki chache baada ya kumzika, tulikuwa tumekaa uani, Papa na mimi, tunapukuchua maharage. Nilikuwa tayari mama wa watoto wawili. Nilimuuliza, bila kupanga, kama Mama aliongea chochote njiani siku ile.

Aliendelea na maganda matatu manne. Akasema kwamba mpaka Nyabiondo hakuongea. Kichwa chake kiligonga bega la Papa katika kila shimo, na mara mbili Papa aliamini amekwisha kufa, lakini hakuweza kuachia usukani amguse. Gari ilikimbia. Akasema hakuwahi kuendesha kitu kama kile, ilikuwa inashika kona kabla hujaiomba, na alikuwa na haya kuniambia lakini sehemu moja ya moyo wake ilikuwa inashangilia. Halafu, kabla ya daraja la mto, barabara ikaingia msituni. Miti ikafungana juu, jua likakatika, hewa ikawa baridi kama ya kisima, na hapo Mama akafungua macho.

"Akasema nini?"

"Akasema nipunguze mwendo," Papa alijibu. "Eti hajaonaka musitu tangu azaliwe."

Nikamuuliza yeye alifanya nini.

Papa alipuliza maganda kutoka kiganjani.

"Nilipunguza," akasema. "Kidogo tu. Mpaka pale kwa daraja."